Kabati Lililomkaribisha Mgeni

Alama ya kidole ilikuwa upande wa ndani wa kioo.

Luqmani aliipangusa kwa kitambaa kikavu, akaipulizia pumzi, akaipangusa tena. Haikutoka. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kukigusa kioo, ndipo alipotambua kwamba unyevu ule haukuwa juu ya kioo bali nyuma yake, mahali pasipofikiwa na mkono wa abiria yeyote. Alama ilikuwa ndefu kupita kidole cha mtu, na haikuwa na mistari. Kidole kilichoiacha kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Severini," alimwita seremala aliyekuwa amechutama nyuma ya kabati, akikaza bawaba. "Ulipokuwa unakifunga kioo hiki, uliingiza mkono kwa ndani?"

"Kamwene, fundi," alijibu Severini bila kuinua kichwa. "Hata salamu hujatoa, umeshafungua kesi. Mimi nimetengeneza kabati. Kioo kimekuja kimezibwa kutoka Dubai. Kawaulize hao waliokiziba."

Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, mwezi Juni mwaka 2004, siku ya tatu tangu kabati lianze kazi katika ukumbi wa tiketi wa Mzee Halfan, stendi ya Makambako. Nje, ukungu ulikuwa mzito hata malori ya mbao yakapita na taa zikiwaka.

Watu wa stendi waliliita kabati, na kwa umbo lilikuwa kabati kweli: mbao za paina, kimo cha kifua cha mtu, na juu yake kioo kilichoinamishwa kidogo, kinachotii kidole. Ndani yake mlikuwa na kompyuta, printa ndogo, na waya wa simu uliokwenda kuungana na kompyuta kubwa ya ofisi ya Njombe. Abiria alisimama mbele yake, akagusa safari anayoitaka, akaandika jina kwa herufi zilizochorwa kwenye kioo, akathibitisha, akapewa tiketi. Luqmani alitumia miezi minne kuandika kurasa zile, ukurasa baada ya ukurasa. Tangu biashara ya mabasi ilipoachiwa watu binafsi, wapiga debe walikuwa wakivuta abiria mikono na mizigo kila mmoja upande wake. Mzee Halfan alitaka mahali ambapo msafiri atachagua mwenyewe, kwa heshima.

Naye alikuwa na sharti moja. Kisanduku cha "kwenda na kurudi" kiwe kimetiwa alama ya vema tangu mwanzo, na asiyetaka kurudi aiondoe kwa kidole chake.

"Mtu akiondoka, atarudi," alisema Mzee Halfan. "Tusimchoshe kwa maswali."

"Na kama hajui tarehe ya kurudi, mzee?"

"Iandikwe siku yoyote. Basi zangu zipo."

Kwa hiyo tiketi zilitoka na vipande viwili, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi, na mstari wa vitone katikati. Kondakta alichana kipande kimoja kwa kila safari, akakirudisha ofisini.

Na kwa kuwa abiria wengi hawakuwa wepesi wa kusoma, kabati lilipaswa kusema. Sauti ilikuwa ya Chiku, mke wa Luqmani, mwalimu wa darasa la kwanza. Luqmani aliipenda sauti ile kabla hajauona uso wa mwenyewe, siku alipokuwa juu ya bati la shule akifunga nyaya, na chini yake mwanamke asiyemjua akawa anawafundisha watoto kuhesabu, naye Luqmani akasahau alichopandia. Wakairekodi nyumbani, wawili wao wamejifunika blanketi zito ili kuuzuia mngurumo wa malori ya barabara kuu.

"Nimkaribishe nani?" Chiku aliuliza chini ya blanketi.

"Yeyote atakayepita."

"Hajapiga hodi."

"Kabati halina mlango, mke wangu. Atapigaje hodi?"

"Watoto wangu wangekucheka. Hodi kwanza, karibu baadaye. Hilo tunawafundisha wiki ya kwanza, kabla ya herufi a."

"Sema tu, tutakosa hewa humu."

Basi akasema: Karibu, mgeni wetu, gusa kioo. Andika jina lako. Thibitisha. Safari njema. Luqmani akaliagiza kabati kwamba kila dakika itakayopita bila kuguswa, lirudie ile karibu yake, mchana na usiku, maana Makambako mabasi hupita saa zote.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hapakuwa na kosa ambalo fundi angeweza kuliona.

Baada ya alama ya kidole ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya usipa wabichi na mchanga uliolowa, nayo ilitoka pembezoni mwa kioo. Severini alisema ni mizigo ya abiria wa Manda, wanaoshuka na magunia ya samaki wa Ziwa Nyasa, na Luqmani akakubali, kwa kuwa basi la Manda lilifika Jumatatu jioni, saa ile ile kabati lilipowashwa. Lakini magunia yalikwishaondoka, na harufu ilibaki.

Ijumaa, saa nne asubuhi, simu ya ukumbini ililia. Alikuwa Rejoice, karani wa ofisi ya Njombe, binti wa mchungaji, mwenye mazoea ya kupunguza sauti hata akisema habari za kawaida.

"Kaka Luqmani, shikamoo. Nani anachezea kabati huko?"

"Marahaba. Hakuna. Kwa nini?"

"Naona safari zinaanzishwa halafu hazimaliziki. Mtu anagusa, anafika kwenye jina, anasimama. Tangu juzi. Nimehesabu mia mbili na kumi na moja, nikaacha. Na zote zimeanzishwa bila sisi kujua zinakwenda wapi, maana mahali pa kwenda pameachwa wazi. Kompyuta haipaswi kukubali hivyo, sivyo?"

"Haipaswi."

"Basi inakubali. Kuna nyingine inaanza sasa hivi, kaka. Mwangalie ni nani."

Luqmani aligeuka na mkono wa simu sikioni. Kabati lilikuwa hatua sita kutoka kwake. Mbele yake hapakuwa na mtu. Abiria wawili walikuwa benchi la mbali, mmoja amelala. Juu ya kioo, ukurasa wa jina ulikuwa umefunguka, na herufi zilizochorwa zilikuwa zikididimia moja moja na kuinuka, taratibu, kama zinavyodidimia zinapoguswa, kwa mkono wa mtu anayejifunza mahali herufi zilipo.

"Unamwona?" Rejoice alinong'ona.

"Simwoni," alisema Luqmani.

Jioni ile Chiku alirudi kutoka shuleni na sauti imekwaruza. Wakasema ni baridi. Akanywa maji ya tangawizi. Jumamosi maneno yalimtoka nusu nusu. Jumatatu alisimama mbele ya watoto sitini, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Daktari alimmulika koo, akasema ni koo zima kabisa, hata jekundu halijawa, akampa vidonge kwa ajili ya kumpa kitu. Chiku alianza kutembea na kibao cha darasani na chaki. Jumatano aliandika maneno machache, akamgeuzia mumewe kibao:

*Kuna mtu amekaa hapa.* Na akaweka kidole penye koromeo.

Na kwa kadiri sauti ilivyopungua nyumbani, ndivyo ilivyonenepa stendi. Luqmani aliijua ile karibu aliyoirekodi kama mtu anavyoijua njia ya kwake: ilikuwa na pumzi moja mwanzoni na tabasamu dogo mwishoni, haikubadilika. Sasa ilibadilika. Mara moja ilikohoa kabla ya kusema. Mara nyingine ilisema "mgeni wetu" na kusita, kama mtu anayesikiliza jibu. Abiria walilipenda kabati zaidi kuliko mwanzo, wakisema mama huyu ana moyo, na Luqmani akasimama pembeni yao na nywele za mikono zimemsimama, kwa kuwa pumzi ile aliyokuwa akiisikia ikiingia na kutoka nyuma ya mbao za paina ilikuwa pumzi ambayo usiku aliikosa kwenye mto wa kitanda chake.

Alhamisi, wakati wa magharibi, adhana ilipokwisha, aliamua kulizima. Alichomoa waya wa umeme. Alichomoa waya wa simu. Akafungua mlango wa nyuma wa kabati, akakata kwa koleo nyaya mbili nyembamba za spika, akaishika spika mkononi, nyepesi, imekufa, haina uhusiano na kitu chochote. Ukumbi ulikuwa mtupu na wenye giza la jioni, na ile harufu ya mchanga uliolowa ilikuwa imekolea hata akahisi ladha ya samaki ulimini. Akawa amepiga magoti, uso wake ukielekea ndani ya kabati lililozimwa, ndipo sauti ya mkewe ikasema kutoka humo ndani, si kwenye spika, bali kwenye mbao zenyewe, kwa utulivu na upole wote wa mwenye nyumba:

"Karibu, mgeni wetu."

Na sauti nyingine, nzito, yenye maji, kama ya mtu anayezungumza huku amezama mpaka midomoni, ikaitikia karibu sana na sikio lake:

"Nimekwishakaribia."

Hakukumbuka namna alivyotoka ukumbini. Alikumbuka kwamba alikimbia akipita magenge ya viazi na nyumba za wageni, akisoma Ayatul Kursiyyu na kuikosea na kuianza upya, mpaka akafika mlangoni kwake, na hapo, kabla hajainua mkono, kabla hajafungua kinywa kusema hodi, akasikia kutoka ndani sauti ya Chiku, safi, nzima, tamu kama siku ile ya juu ya bati, ikimwambia karibu. Na moyo wake ukajaa shukrani, akausukuma mlango akiwa na machozi ya furaha, akamkuta mkewe amekaa kwenye mkeka, midomo imefumbwa, machozi yanamtiririka, kibao kimeanguka miguuni, na kidole chake kimeelekezwa, si kwa Luqmani, bali nyuma ya bega la Luqmani, kwenye mlango ambao bado haujafungwa.

Aliufunga bila kugeuka. Usiku ule walikaa wameegemea ukuta, wakishikana mikono, taa ikiwaka. Alfajiri Chiku aliokota chaki akaandika: *Pumzi nayo inapungua.*

Maalim Mudy alikuwa utingo wa malori ya Zambia kwa miaka kumi na sita kabla hajaurudia uganga wa babu yake, na mjini wengi waliendelea kumwita Mudy Utingo, jambo ambalo halikumchukiza. Luqmani alimwita, naye akafika nyumbani kwao saa tatu asubuhi akiwa na koti la kijeshi na chetezo cha ubani ndani ya mfuko wa nailoni. Alimtazama Chiku kooni, akanusa hewa, akaomba chai. Baadaye akataka kuelezwa kazi ya kabati, kila hatua, na Luqmani akamweleza.

"Turudi nyuma kidogo," alisema Maalim. "Hiyo karibu. Linaisema akija mtu?"

"Linaisema kila dakika, Maalim. Awepo mtu au asiwepo."

"Na usiku?"

"Na usiku."

"Na kabla yake, nani amepiga hodi?"

Chiku, juu ya mkeka, aligeuza uso ukutani.

"Nimesafiri na abiria wa kila namna," Maalim alisema, akipuliza chai. "Wapo wanaopanda kutoka Manda bila kuonekana, wanakuja kushangaa mji, wanarudi na basi lile lile kwa sababu hakuna aliyewasemesha. Hawaingii kwa watu bila kuitwa. Wewe umemwita mmoja kwa sauti ya mkeo mara elfu moja mia nne na arobaini kwa siku. Hata mimi ningeingia."

"Nitalivunja kabati leo."

"Livunje. Karibu aliyopewa haimo kwenye mbao, imo kooni mwa aliyeisema. Na usimfukuze. Mgeni aliyeitwa akifukuzwa ana haki ya kuuliza kosa lake, na atamwuliza mkeo. Anasindikizwa, kwa adabu, na yule yule aliyemkaribisha."

"Chiku hana sauti."

"Ndiyo maana nakuuliza. Sauti yake iliyobaki iko wapi?"

Luqmani alielewa. Akasema kwamba ndani ya kabati mna maneno ya kuaga, safari njema, na kwamba angeweza kuyatoa peke yake kwa kubonyeza mara moja.

"Umwambie safari njema mtu asiye na safari?" Maalim akatikisa kichwa. "Mkatie tiketi, fundi. Kama abiria mwingine. Kiti, jina, basi la kwao. Kesho alfajiri."

Mzee Halfan alisikiliza yote akizungusha tasbihi. "Kiti kizima," alisema hatimaye. "Na atataka dirishani?"

"Mpe cha nyuma ya kondakta," alisema Maalim. "Hao hawapendi kurushwa."

Hakuna aliyecheka.

Kesho yake ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya ukumbi. Basi la Manda lilikuwa mlangoni, injini ikiunguruma, taa zake zikifanya duara mbili nyeupe kama maziwa. Abiria walikwishaketi, nao walikuwa wachache. Tarsis, kondakta, kijana wa Ludewa aliyelelewa ndani ya mabasi, aliambiwa kitu kimoja tu: kiti cha nyuma yake kisikaliwe na mtu, na tiketi itakayowekwa pale aichane kama kawaida bila kuuliza jina. Chiku aliletwa amefungwa shuka mbili, akipumua kwa shida, mlio wa pumzi yake ukisikika kama mlango unaosuguana na sakafu. Maalim alifukiza ubani. Luqmani aliunganisha nyaya za spika, akarudisha waya wa simu, akarudisha umeme, na kioo kikawaka.

Aligusa Makambako. Aligusa Manda. Ukurasa wa jina ulifunguka, na kabla hajainua mkono wake, herufi zikaanza kudidimia zenyewe.

C. H. I. K. U.

"Usithibitishe," alisema Maalim kwa sauti ya chini.

Luqmani alifuta. Kioo kikawa kitupu kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha herufi zikadidimia upesi zaidi, bila kubahatisha, za mwandishi aliyekwisha kujifunza, na jina la mkewe likasimama tena pale juu, na nyuma yake Chiku akapiga magoti kama aliyevutwa kwa kamba. Akafuta mara ya pili. Likaandikwa mara ya tatu, na safari hii kitufe cha kuthibitisha kilianza nacho kudidimia taratibu, kikishuka kama jicho linalofumba, na Luqmani akajua kwamba kikifika chini mkewe atakuwa abiria wa basi lile, mwenye kiti na tiketi, wala hapatakuwa na uganga wa kumshusha. Ndipo akabandika kiganja chake chote juu ya kioo kukizuia, na chini ya kiganja, upande wa pili wa kioo chembamba, akahisi kiganja kingine kikipanuka kulingana na chake, baridi kama jiwe la ziwani, vidole vyake virefu vikiendelea kupita ncha za vidole vyake mwenyewe, kikimsukuma.

Hakuondoa mkono. Kwa mkono wa kushoto alifuta jina, akaanza kuandika jingine, akiitafuta kila herufi kwa macho yaliyojaa machozi, na chini ya kila herufi kidole laini kikaitangulia kukizuia kidole chake, akakishinda kwa kukandamiza mpaka kucha ikachubuka: M, G, E, N, I. Hilo ndilo jina aliloitiwa, na hapakuwa na jingine la haki. Hakutazama kitu kingine chochote kwenye ukurasa ule. Akathibitisha.

Printa ikalia, tiketi ikatoka. Na sauti ya Chiku, yenye pumzi moja mwanzoni na tabasamu dogo mwishoni, kama ilivyorekodiwa chini ya blanketi, ikasema:

"Safari njema."

Simu ikalia papo hapo. "Imeingia, kaka," Rejoice alisema kutoka Njombe. "Mgeni, kiti kimoja, halafu naona pia hapa ume..." na laini ikakatika, kama ilivyokatika asubuhi nyingi za ukungu.

Luqmani aliibeba tiketi mikono miwili mpaka ndani ya basi, akaiweka juu ya kiti. Alipogeuka kushuka alisikia springi za kiti zikilia, na akaona kwa pembe ya jicho mto wa kiti ukibonyea katikati na unyevu ukiuenea. Abiria wa kiti cha jirani alivuta shuka puani, akalalamika kuhusu watu na samaki wao. Maalim alisimama kwenye ngazi ya basi, mkono kwenye bomba, kama alivyosimama miaka yote ile ya Zambia.

"Nenda salama, mgeni," alisema kwa upole. "Na siku nyingine, kwa watu hupigwa hodi kwanza."

Akaupiga ubavu wa basi kwa kiganja mara mbili. Basi likaondoka, likamezwa na ukungu wa barabara ya Njombe.

Ndani ya ukumbi Chiku alikohoa kwa muda mrefu, akatema kiganjani mchanga mweupe, mwembamba, kiasi cha kijiko. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Luqmani, nasikia baridi," na mumewe akaketi sakafuni, akalia mbele ya watu.

Chiku alirudi darasani kwa watoto wake. Kabati halikuvunjwa, ila Luqmani alifuta sauti zote na kuuandika upya ukurasa wa kwanza: sasa kioo kilikaa kimya na cheusi, na katikati yake palikuwa na neno moja, Hodi, ambalo abiria alipaswa kuligusa kabla ya kitu kingine chochote. Severini alisema sasa limekuwa kabati la watu. Kila jioni Luqmani alivipokea vipande vya tiketi kutoka kwa makondakta na kuvilinganisha na orodha ya Rejoice, kazi aliyoipenda kwa kuwa haikuwa na sauti.

Ilikuwa alasiri ya mwezi Agosti, upepo ukipuliza vumbi la mbao stendi nzima, wakati Tarsis alipoingia ukumbini na basi la Manda likiwa bado linatoa moshi nje. Akamwaga vipande vyake mezani. Luqmani alivipanga kwa vidole, kimoja kimoja, mpaka kidole chake kikagusa karatasi iliyolowa.

KURUDI. Manda hadi Makambako. Abiria: MGENI. Tarehe: siku yoyote.

Na juu ya maneno hayo palikuwa na alama ya kidole, ndefu, isiyo na mistari.

Akakumbuka kisanduku cha kwenda na kurudi, ambacho asubuhi ile hakukitazama. Akakumbuka pia sauti ya Rejoice ilipokatika, na neno ambalo hakumpigia tena kuliuliza.

"Tarsis," alisema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa ndogo. "Kipande hiki umekichana kwa nani?"

"Kwa abiria mmoja hivi, alipanda mwanzo kabisa, bado giza. Kajifunga shuka mpaka machoni. Mstaarabu sana, kaka, sijapata kuona. Alisimama mlangoni mwa basi akapiga hodi." Tarsis akacheka. "Hodi, kwenye basi. Nikamwambia karibu."

"Yuko wapi?"

"Ameshuka sasa hivi. Aliuliza kwa Mwalimu Chiku, nikamwelekeza. Nani asiyepajua?"

Luqmani alikwishatoka. Alipita magenge, alipita nyumba za wageni, akagonga watu na beseni zao bila kuomba radhi, na njia nzima mbele yake, juu ya vumbi kavu la Agosti, palikuwa na nyayo zilizolowa, zenye kuachana mno kuliko hatua za mtu, zikinyooka bila kusita wala kuuliza kwenye kona; na alipoikata kona ya mwisho aliuona mlango wake umefungwa, na mbele ya mlango hapakuwa na mtu, ila mchanga mweupe ulikuwa ukidondoka kidogo kidogo kutoka hewani na kujikusanya kizingitini, na kutoka mahali pale pasipo na mtu ikatoka sauti nzito, yenye maji, yenye adabu zote za mgeni aliyefundishwa:

"Hodi hapa."

Luqmani alifungua kinywa kumzuia mkewe, na pumzi ya mbio ikamnyima neno. Kutoka jikoni, safi, nzima, tamu kama siku ile ya juu ya bati, sauti ya Chiku ikaitikia:

"Karibu."